Dorotea na Mlango wa Chini wa Tumbo

Wifi yangu Dorotea anaosha utumbo machinjioni Bunda. Ni kazi ya miaka kumi na minane sasa. Ukikaa naye benchi moja kanisani utaijua hiyo kazi hata kama ameoga mara mbili na kujipaka mafuta ya waridi, na wanawake wengi husogea kidogo, kiasi cha kiganja kimoja. Dorotea huona wanavyosogea, na huendelea kuimba sauti ya pili.

Na mimi nilikuwa nasogea. Naliandika hili mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa upande wake tangu mwanzo.

Wanaume wakimaliza kuchuna, matumbo hutupwa kwenye sakafu ya saruji yakiwa bado ya moto, na hapo ndipo kazi yake inapoanza. Anavaa gambuti za kiume, anakunja gauni, anapasua, anamwaga majani ambayo ng'ombe hakuwahi kuyamaliza, anasuuza maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuna lile tumbo kubwa lenye manyoya kama taulo, kuna lile tunaloliita kitabu kwa sababu ya kurasa zake, na kuna la mwisho, laini, linaloteleza, ambalo wauza supu wengi hawalijali. Dorotea anayajua yote kwa vidole. Anaweza kuangalia pembeni akimtania mchinjaji, huku vidole vinamwambia kwamba huyu alimeza mfuko wa nailoni, na huyu alikuwa na kidonda. Wachinjaji wanamwita Daktari. Wanamwita hivyo kwa kumcheka.

Hakuzaliwa kwenye utumbo. Alikuwa binti mrefu wa Musoma, dada wa pekee wa mume wangu Chrispin, akaolewa Butiama kwa ng'ombe wazuri. Ng'ombe hao hawakukaa sana zizini kwa mama mkwe wangu, Bibi Gati. Walipelekwa kwetu kunitoa mimi. Ndivyo inavyokuwa huku: dada akiolewa, kaka naye anapata mke. Kwa hiyo mimi nimeolewa kwa ng'ombe wa Dorotea.

Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alizaliwa mzima, akanyonya vizuri wiki tatu, kisha akaanza kutapika. Akatapika mwezi mzima, akakauka, akafa. Wa pili naye alikuwa wa kiume, na ikawa vilevile. Huyo wa pili nilimwona. Nilikuwa mke mpya, nina mimba ya binti yangu Hilda, nikatumwa Butiama kumwangalia mzazi. Nilikaa siku mbili. Mimi huangalia sana mambo, ndivyo nilivyo tangu utoto, na niliporudi Bibi Gati aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia nilichokiona: mtoto akipakatwa na wengine ametulia, akipakatwa na mama yake anatapika.

Ilikuwa kweli. Akipakatwa na mama yake ndipo alipokuwa ananyonya. Hiyo nusu ya pili sikuisema kwa sababu haikunijia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilifurahi kwamba mama mkwe ananiuliza jambo.

Maneno yangu yalifika Butiama kabla mtoto hajazikwa. Wakasema Dorotea ana mkono mbaya. Mumewe akamrudisha kwao na kudai ng'ombe wake, ambao walikuwa tayari kwenye zizi la baba yangu. Chrispin alihangaika miaka mingi kuwalipa, akauza hata randa na misumeno yake ya useremala, na tangu wakati huo akiongea na dada yake humtazama shingoni, si machoni. Bibi Gati alimpa mwanaye mkeka kwenye jiko la nje. Dorotea alivumilia, miaka ikapita, halafu akaenda Bunda kuomba kazi ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaigombania.

Mwaka jana, mwezi wa nne, Hilda alijifungua mtoto wa kiume. Baba wa mtoto, Gody, anavua dagaa kisiwani Rukuba. Ni kijana mpole, lakini hajatoa ng'ombe hata mmoja, kwa hiyo mtoto alihesabika wa kwetu na jina lilikuwa letu kumpa. Hilda akaja kukaa kwangu Kamunyonge, hapa Musoma, siku za uzazi. Bibi Gati, ambaye tunaishi naye, akampa mtoto jina la marehemu mumewe, Mugeta, na kumfunga uzi mweusi wa jina mkononi.

Wiki ya tatu Mugeta akaanza kutapika. Haikuwa kucheua kama watoto wanavyocheua. Maziwa yaliruka. Mara moja yalifika ukutani, kwenye kalenda ya kanisa. Na akishatapika halii kwa maumivu, analia kwa njaa, anatafuna ngumi zake kama mtu ambaye hajapewa kitu tangu azaliwe. Tulikwenda zahanati, wakasema ananyonya haraka mno, tumwinue na kumpigapiga mgongo. Tukamwinua. Nikabadilisha sabuni ya kufulia nepi, nikamkataza Hilda maharage, nikamkataza chai. Kila asubuhi nilikuwa namwangalia mapaja. Yalianza kuwa na mikunjo kama soksi iliyolegea.

Jumapili moja Bibi Gati alikuwa kanisani, Dorotea akaja kutoka Bunda na ndoo yenye mfuniko.

"Hodi! Nimewaletea kitabu na taulo, nimeosha mpaka vimekuwa vyeupe. Na usiniambie mna samaki, wifi."

"Samaki gani? Sato siku hizi wanaliwa na wenye magari. Karibu."

Hilda alimpa mtoto. Hakujua, mambo ya Butiama hatukuwa tunayasema mbele yake. Dorotea alimpakata akimsemesha, na maziwa aliyokuwa ametoka kunyonya yakaruka yakamlowesha kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Hakujifuta. Alikaa hivyo hivyo.

"Yanakuwaga ya njano? Ya kijani?"

"Hapana, shangazi," Hilda alijibu. "Meupe tu, na yameganda."

"Na akishatapika anataka tena?"

"Hata sasa hivi anataka."

"Choo?"

"Siku ya pili hajapata. Na kikija ni kidogo, kama cha sungura."

Dorotea alipasha mkono wake joto kwa kuukandamiza kwapani, akamlaza mtoto mapajani, akaweka vidole viwili juu ya kitovu, kidogo upande wa kulia, chini ya mbavu. Akafumba macho. Nilimwona akitafuta, kama anavyotafuta machinjioni, na nilimwona alipopata.

"Hapa," alisema. "Wifi, lete mkono wako."

Sikuupeleka. Nilisema mikono yangu ina maji.

"Wifi, tumbo lina mlango huku chini. Wa huyu umekaza. Naomba mumpeleke hospitali kubwa, msipige tena mgongo."

Ndipo Bibi Gati akaingia na Biblia yake kwapani. Aliangalia mtoto, akaangalia mapaja aliyolazwa.

"Nani amempa huyu mtoto?"

"Mimi, bibi," Hilda alisema.

"Wawili hawajakutosha, Dorotea? Umekuja kutafuta wa tatu?"

Dorotea alimrudisha mtoto kwa mama yake taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. "Mama, nitukane nikiwa njiani, sawa. Lakini huyu mpelekeni."

"Toka na ndoo yako."

Bibi Gati hakumlaumu Dorotea peke yake. Alisema na jina limekataliwa. Mugeta alikuwa mzee wa hasira, labda hataki kurudi kwa mtoto ambaye baba yake hajatoa kitu. Hivi ndivyo tunavyofanya sisi: jina likikataliwa uzi unakatwa, linaletwa jina lingine la mtu wa ukoo aliyetangulia, linajaribiwa siku tatu. Asubuhi mtoto akiwa kwenye ziwa la mama, mzee anamwita kwa jina hilo. Maziwa yakikaa, jina limekubaliwa, na ndipo tunampeleka kwa padri. Hata padri anajua. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa majina mawili, na Chrispin matatu, na wote tumekua. Kwa hiyo sikuona kosa. Niliona dawa.

Akaitwa Bernado, jina la kaka yake Bibi Gati aliyezama ziwani. Siku ya kwanza alitapika mara sita. Ya pili, mara saba. Nilikuwa naweka punje za mahindi kwenye kikombe ili nisisahau hesabu. Siku ya tatu mchana Dorotea akarudi, na safari hii ndoo haikuwa na zawadi. Alisimama uani, akamwita kaka yake atoke, akamwita na mama yake.

"Sikuja kumshika mtoto. Nimekuja na hiki mkione, halafu niende."

Akatoa tumbo la mwanambuzi aliyekuwa bado ananyonya, zima, halijapasuliwa. Alilikamata kwa juu kwa mkono wa kushoto, akachukua jagi, akamimina maji. Likajaa, likawa duara. Kwa chini, pale linapokwisha na utumbo mwembamba kuanza, hakuna kilichotoka.

"Mnaona? Tumbo si mfuko uliotoboka. Hapa pana pete ya nyama. Kaka, bonyeza uone, ni nene kuliko kwingine kote. Chakula kinakandwa huku juu mpaka kinakuwa uji, tumbo linakisukuma huku, pete inafungua kidogo." Alilikamua tumbo taratibu, na kwa chini maji yakatoka kiasi cha kijiko kimoja, yakakoma. "Inapitisha hicho kijiko, inafunga. Utumbo unafanya kazi yake kwanza, ndipo unaletewa kingine. Na kilichopita hakirudi juu ovyo. Ndiyo maana mtu mzima akila asubuhi, haaibiki njiani."

Chrispin alitaka kucheka. Nilimwona.

"Sasa mtoto mwingine anazaliwa mzima, halafu hii pete inanenepa. Sijui kwa nini. Inanenepa mpaka tundu linakwisha." Akaibana ile pete kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, akalikamua tumbo kwa nguvu kwa mkono wa kushoto. Maji yalikosa pa kwenda. Yalipanda, yakaruka kwa juu, yakampata Chrispin kifuani na usoni.

"Mmeona yanakopitia?" Dorotea aliuliza. "Hilo ndilo linalompata mtoto. Jina halipitii huku."

Nadhani kama tungekuwa peke yetu, mambo yangekwenda vingine. Lakini jirani yetu Lucy alikuwa anaanika dagaa upande wa pili wa ua, na alikuwa ameona yote, akacheka mpaka akashika kiuno. "Jamani, Daktari wa Utumbo amemwogesha kaka yake!"

Bibi Gati alitema mate. "Kwa hiyo mjukuu wangu ni mbuzi?"

"Mama, nyama ni nyama."

"Unaleta utumbo kwenye ua wa mtoto wa jina! Mtoto yuko siku ya tatu, unakuja kulichafua jina lisishike!"

"Dorotea," Chrispin alisema akijipangusa, na uso wake ulikuwa umebadilika, "umenifilisi mara moja. Inatosha." Akaipiga ndoo teke.

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama na beseni la nepi. Nilisema, "Wifi, nenda tu. Usituletee maneno." Hayo ndiyo niliyosema.

Dorotea aliokota lile tumbo kwenye vumbi, akalisuuza kwa maji yaliyobaki kwenye jagi, nadhani mikono ilifanya yenyewe, akalirudisha ndooni, akaenda.

Uzi wa Bernado ukakatwa. Jina la tatu likawa Chacha, babu wa Bibi Gati mwenyewe, mtu ambaye hakuna kati yetu aliyemwona. Siku ya kwanza ya Chacha mtoto alitapika mara mbili tu. Siku ya pili, mpaka saa sita mchana, hakutapika kabisa. Na alikuwa ametulia. Hakutafuna ngumi. Alilala akiwa amefumbua macho kidogo. Bibi Gati alipiga vigelegele mlangoni mpaka Lucy akaja naye akapiga vyake.

"Nilisema mimi! Huyu ni Chacha. Alikuwa anawaangalia tu mnavyohangaika na majina ya watu wengine."

Chrispin alitoka kwenda kumpigia simu Gody kisiwani. Hilda alilala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Nyumba nzima ilikuwa na furaha, na mimi nilikuwa nimeshika nepi ambayo nilimfunga mtoto alfajiri. Ilikuwa kavu. Nikaileta puani, ilikuwa inanuka sabuni tu.

Nikaanza kuangalia. Alipolia, sauti ilikuwa ndogo na macho hayakuwa na machozi. Utosi ulikuwa umebonyea, ungeweza kuweka maji ya kijiko pale. Nilimfinya ngozi ya tumbo kidogo, nikaachia, na ngozi ikabaki imesimama. Nikatoka na simu nyuma ya choo.

"Wifi, ametulia," nilisema.

Nilisikia maji yakimwagika kwake na wanaume wakibishana.

"Anakojoa?"

"Hapana. Tangu alfajiri."

"Wangu nao walituliaga. Siku mbili kabla." Akasema kwa haraka, "Mwamshe Hilda amnyonyeshe, hata kidogo. Halafu umwangalie tumboni. Usiangalie mdomo, angalia tumbo."

Nilifanya hivyo. Mtoto alivuta mara chache tu, akachoka. Nilimlaza penye mwanga wa dirisha, nikasubiri. Chini ya mbavu za kushoto kikapanda kitu kama ngumi ndogo iliyo ndani ya shuka. Kikatembea polepole kwenda kulia, kikavuka juu ya kitovu, kikafika mahali pale Dorotea alipokuwa ameweka vidole vyake, kikapotea. Kisha kikaanza tena kushoto. Tumbo lilikuwa linasukuma, na linasukuma, na hakuna aliyekuwa anafungua. Niliweka vidole vyangu. Kilikuwepo. Kigumu, kinateleza kidogo, kama kokwa ya zambarau.

Tulimweka mtoto kwenye kitenge, tukatoka kama watu wanaokwenda kumpima uzito.

"Mama, na bibi je?" Hilda aliuliza njiani.

"Bibi ameshazika wajukuu wawili. Unataka afikishe watatu?"

Ndipo akajua, mwanangu, katikati ya barabara, habari za shangazi yake. Sikuwa na muda wa kuzisema vizuri.

Hospitalini Musoma alitupokea daktari wa kike, kijana. Alimbonyeza mtoto pale pale, akampeleka kwenye mashine ya picha ya tumbo, akarudi akitembea haraka. Nesi alishindwa kupata mshipa, akajaribu mkono huu na ule, akaukata ule uzi mweusi uliokuwa unamzuia, akautupa kwenye ndoo ya pamba chafu. Niliuangalia ukianguka.

"Nani aliwaambia mje leo?" daktari aliniuliza.

"Wifi yangu. Aliushika huo uvimbe tangu Jumapili."

"Ni nesi?"

"Anaosha utumbo Bunda."

Alinitazama kuona kama namtania. "Basi kamshukuru. Kesho msingekuwa na mtu wa kuleta."

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa Mwanza. Tuliwekwa kwenye gari la wagonjwa, Hilda ameshika dripu, mimi nimeshika mlango. Nilikuwa nimempigia Dorotea kwamba tutapita Bunda. Alikuwa amesimama kando ya barabara na gambuti zake na aproni ya damu, mkono juu. Gari la wagonjwa halisimami kwa mtu. Nilimwona kwa dirisha la nyuma akiwa bado ameuinua ule mkono, akizidi kuwa mdogo.

Mwanza walimpa maji na chumvi siku mbili kabla ya kumgusa, kwa sababu mwili mkavu haupasuliwi. Daktari wa upasuaji alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa. Alichora mfuko, akachora pete chini yake. Ilikuwa ni ile ile ya uani kwetu, ila hii ilikuwa ya wino. Alisema nyama ya pete imenenepa, kwamba si maziwa ya mama, si chakula, si mkono wa mtu. Wanaichana ile nyama kwa urefu, juu juu, bila kutoboa ngozi laini ya ndani, wanaiacha ijitanue yenyewe. Hawashoni hata pale walipoichana. Kazi ya nusu saa.

Halafu akaniuliza, "Kuna mtoto mwingine kwenye ukoo aliyewahi kutapika hivi? Hasa wa kiume?"

Nikamweleza watoto wa Dorotea. Aliweka kalamu chini.

"Wawili?"

"Wawili."

"Huwa inatembea kwenye damu ya familia," alisema. "Bila shaka ilikuwa hii hii. Pole sana, mama." Alidhani walikuwa wangu.

Jioni ya siku aliyopasuliwa, mtoto alipewa maziwa kwa kijiko. Tulikaa mimi na Hilda tukimtazama bila kupumua. Maziwa yalikwenda chini na hayakurudi. Kesho yake alikojoa, akamkojolea nesi, na Hilda akalia kwa sauti mpaka wodi nzima ikageuka.

Tuliporudi Kamunyonge, Bibi Gati alikuwa na uzi mpya tayari. Alimfunga Chacha mkononi kabla sijaweka mzigo chini. "Jina lilikuwa limeshashika," aliwaambia wageni. "Chacha ndiye aliyemtoa kwenye kisu." Chrispin alinunua mbuzi wa kushukuru. Na mbuzi akichinjwa lazima awepo wa kuosha utumbo, kwa hiyo dada yake aliitwa.

Wageni walipokuwa wengi nilijikaza, nikasema mbele ya Chrispin na mama yake yale aliyosema daktari, kwamba ni ugonjwa wa kwenye damu, kwamba watoto wa Butiama walikufa kwa hilo hilo na Dorotea hakuwa na kosa.

"Damu ya nani?" Chrispin aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yenu. Ya kwenu wote."

"Mtoto amepona. Unataka nini tena? Unataka watu waondoke hapa wakisema damu yetu ni mbovu, Hilda asitolewe hata kuku?"

Bibi Gati alikuwa anamtikisa mtoto, kama hasikii. Lucy alikuwa anakuja na sahani. Nikanyamaza. Nina kipaji cha kunyamaza mahali pasipostahili.

Nilimfuata Dorotea nyuma ya jiko. Alikuwa amechuchumaa kwenye beseni, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia yeye, maneno yale yale.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mwaka wa pili tangu nianze kazi Bunda. Waliniletea ndama. Nikashika pale mwisho, pale kwenye pete, nikasikia kitu ambacho nilishawahi kukisikia. Nilikuwa nampaka mafuta yule mdogo, wifi, kila asubuhi. Kidole gumba kilikuwa kinapita juu ya kitu hapo. Nilidhani ni mfupa wake." Aligeuza tumbo la mbuzi ndani nje. "Siku hiyo sikumaliza kazi. Walinikata ujira."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani?"

Nilikuwa nimepanga kumwambia na jambo lingine, kwamba aliyeleta habari kutoka Butiama, kwamba mtoto anatapika akipakatwa na mama yake, nilikuwa mimi. Nilikuwa nimelipanga tangu Mwanza. Halikutoka. Mpaka leo halijatoka, na ndiyo sababu mojawapo naandika.

"Wamemkata wapi?" aliuliza.

Nikamwita Hilda. Akaja na mtoto, akafunua nguo. Dorotea hakumgusa, mikono yake ilikuwa na uchafu, lakini alisogeza uso karibu sana, karibu kama anayenusa. Kovu lilikuwa upande wa kulia, jembamba, linaanza kufifia.

"Ni hili tu?"

"Ni hili tu, shangazi."

Alitoa mkono majini, akapima kwa kidole chake cha shahada, akaweka alama kwa ukucha wa gumba. Lilikuwa halifiki hata kiungo cha pili. Alibaki ameshika kidole chake pale kwenye alama, maji yakidondoka.

"Dorotea!" Bibi Gati aliita kutoka barazani. "Watu wanasubiri supu. Huo utumbo bado?"

"Bado kidogo, mama," aliitikia, akarudisha mikono kwenye beseni.